Nisu, mkate anaopika bibi Mfini wa Michigan, Marekani, ndiyo pulla ya Ufini?

Ndiyo, ni mkate ule ule mtamu wa iliki, uliosukwa nyuzi tatu. Tofauti ni jina tu. "Nisu" ni neno la zamani la Kifini la ngano. Wafini waliokwenda kwenye migodi ya shaba ya Hancock na Calumet, huko Michigan, kabla ya 1914 waliondoka nalo, na wajukuu wao wanalo hadi leo. Huko Ufini ngano sasa ni "vehnä" na mkate huu ni "pulla". Waestonia, majirani zao, bado wanaita ngano nisu.

Ukitaka kupika: maziwa nusu lita, sukari gramu 170, yai 1, chumvi kijiko 1 cha chai, hamira kavu gramu 15 hivi, iliki kijiko 1 cha mezani, siagi gramu 150, unga kama kilo 1. Iliki menya mwenyewe uitwange iwe chengachenga, ile ya unga ya dukani huwa imeshapoteza harufu. Maziwa yawe vuguvugu tu, yakiwa moto yanaua hamira. Siagi iingie mwishoni, donge likishashikana.

Wengi huharibu kwenye unga: donge likinata wanaongeza, mkate unatoka mkavu kama mbao. Acha linate kidogo. Liumuke, suka, liumuke tena, paka yai, oka kwa nyuzijoto 190 za Selsiasi, dakika 25 hivi. Suka nene huhitaji zaidi kidogo.