Yule kibonge wa matairi mbona mweupe?

SWALI: Mambo mhariri, hivi yule kibonge wa kwenye matangazo ya kampuni ya tairi ya Michelin mbona mweupe wakati tairi ni nyeusi, au mchoraji alikosea?

JIBU: Poa! Hakukosea, zamani tairi zilikuwa na rangi ya mpira wenyewe, nyeupe-nyeupe hivi, weusi umekuja baadaye walipoanza kuchanganya masizi ili zidumu. Jamaa anaitwa Bibendum, katokea kwenye bango mwaka 1898 kule Ufaransa, na wazo lilianzia maonyesho ya Lyon 1894, ndugu wawili wenye kampuni waliona rundo la tairi wakasema likiwekewa mikono si mtu kabisa huyu. Kwenye bango kashika glasi ya misumari na vipande vya chupa, yaani tairi inavinywa tu! Siku hizi kapunguzwa mwili, mimi namkubali yule wa zamani, alikuwa anatisha kidogo.