Walimu wapya wa hisabati, msikimbilie kuchora grafu

Walimu wenzangu mnaoanza kufundisha takwimu shule ya msingi, naomba mnisikilize kwenye hili moja: somo halianzii kwenye grafu. Wengi wanaingia na jedwali lishajazwa, linabandikwa ubaoni, watoto wanachora nguzo, wanapaka rangi, tiki, basi. Ukimuuliza mtoto hizo namba zimetoka wapi anakutazama tu.

Anzeni na swali la watoto wenyewe, alafu lichambueni kabla hawajaanza kuulizana. "Unapenda mnyama gani" linaonekana jepesi ila kila mtu atataja wake na utabaki na nguzo kibao zenye mmoja mmoja. Waache wachague majibu manne au matano, waongeze "mwingine", wakubaliane pia kama mtu anaruhusiwa kujibu mara mbili. Watabishana sana hapo, na mi naona dakika hizo ndo za thamani kuliko zote, msiwakatishe.

Kwenye kuhesabu kwa vijiti, yani kuchora kijiti kimoja kwa kila jibu, angalieni kijiti cha tano, ndo kinachovikata vile vinne. Wapo wanaoandika vitano vimesimama alafu wanakata na cha sita, fungu bado wanaliita tano. Jumla ndo itawaumbua: fungu la sita likiitwa tano jumla inapungua, na mtoto akihesabiwa mara mbili inazidi, mfano darasa lina watoto 40 na majibu yamekuja 43. Usiwaambie kosa liko wapi, waambie wawatafute hao watatu waliozidi, utaona wanavyorudi kwenye madaftari yao kukagua nani kaulizwa na watu wawili.

Sasa grafu. Kosa ninaloliona kuliko yote ni la mhimili wa wima. Mtoto ana 3, 8, 4 na 11, anazipanga 3, 4, 8, 11 kwa nafasi sawa kwenda juu, yani kaandika majibu yake badala ya skeli (namba zinazopanda kwa hatua sawa), matokeo yake nguzo ya 4 inakuwa ndefu mara mbili ya nguzo ya 3. Muulize tu, hivi 4 ni mara mbili ya 3? Mpe karatasi ya miraba, aanze na 0, mraba mmoja mtu mmoja, skeli ya mbilimbili au tanotano ije baadae akishazoea. Kwenye grafu ya picha, picha zote ziwe saizi moja, maana tembo wawili wakubwa wanaonekana wengi kuliko panya watano. Na mistari ya kuunganisha nukta wekeni kwa vitu vinavyobadilika na muda kama joto la kila siku, sio kwa wanyama wanaopendwa.

Wakimaliza msiulize nguzo ipi ndefu, hiyo hata asiyejua kuhesabu anaiona. Ulizeni imezidi kwa wangapi. Na kama kuna ambao hawakuwepo siku hiyo, wakirudi waulizwe, ila kwanza darasa likisie kama nguzo inayoongoza itabadilika, alafu ndo waongeze miraba.