Swali la lugha: "Mimi kwa majina naitwa Shida"

Barua ya safari hii imetoka Urambo, naiweka hapa karibu yote:

"Shikamoo mwalimu. Mimi kwa majina naitwa Shida, nalima tumbaku, nina miaka 27. Mama alinizaa njiani akiwa kwenye keria ya baiskeli anakimbizwa zahanati, usiku, mvua inanyesha, ndo nikapewa jina hili. Mwalimu limenichosha. Nikipiga simu mtu akauliza nani mwenzangu, nikisema Shida ananijibu shida gani tena? Juzi nimechelewa mkutano wa chama cha msingi, naingia tu karani anasema kwa sauti, haya jamani, Shida imefika, watu wote wakacheka. Naomba kujua ipi sahihi, Shida imefika au Shida amefika? Na je, hili ni jina zuri la Kiswahili au wazazi wangu walikosea? Rafiki zangu wananiambia niwe naandika Shidah, eti linapungua ukali."

Marahaba binti yangu. Hilo la karani nalimaliza kwanza maana halina mjadala. Ni Shida amefika. Neno lolote likishakuwa jina la mtu linahama kwao, linaingia ngeli ya watu na linafuata sarufi ya watu. Shida ya kukosa mbolea ni shida yangu, imefika, imeisha. Mtu ni Shida wangu, amefika, ameondoka. Mbona kila siku tunasema Jumanne hajaja, atakuja Alhamisi, na hakuna anayebabaika yupi ni mtu na ipi ni siku? Na huyo huyo karani wenu akitoka kuangalia mpira jioni atakwambia Simba imeshinda, kwa sababu ni timu, lakini wa porini akiingia zizini atasema simba ameua ng'ombe. Kwahiyo sarufi anaijua vizuri sana. Alipokwambia "imefika" alikutoa kwenye watu akakuweka kwenye vitu, mbele ya wenzako, na kwa herufi moja tu. Hilo halikuwa kosa la lugha, lilikuwa tusi, na mkikutana mwambie hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye kilichofanya niichomoe barua yako kwenye rundo. Ni maneno manne. "Mimi kwa majina naitwa." Jina lako halijanisumbua hata kidogo, ila hayo maneno manne uliyolitanguliza nayo yananiudhi miaka nenda rudi, na kila mwaka yanazidi kuzaliana.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao cha kamati ya harusi hapa Tabora mjini, maeneo ya Isevya, tumekaa chini ya mwembe kama kawaida yetu. Mwenyekiti akasema tuanze na utambulisho. Tulikuwa watu 23. Mimi nikageuza kadi yangu ya mchango nikaanza kuandika nyuma yake kila mtu anavyojitambulisha maana nilishajua kinachokuja. Wa kwanza, "mimi kwa majina naitwa". Wa pili, "kwa majina yangu kamili naitwa". Wa tatu kijana kavaa suti, "kwa jina ninaitwa au ninafahamika kama". Wa nne akasema "jina langu naitwa", na hilo nitalirudia. Halafu akasimama baba mmoja wa makamo, mtu mzito, mtu wa heshima zake, akasema hivi, nanakili kutoka kwenye kadi: "Kwanza kabisa habari za jioni, mimi kwa majina kamili naitwa, ama kwa jina maarufu nafahamika kwa jina la ndugu", akashusha pumzi, akaangalia chini kwenye maganda ya karanga, sauti ikazama, "Masumbuko". Aliyekaa pembeni yangu akaniinamia akauliza, kasema nani? Hakusikia. Maneno 19 yalipita wazi kabisa na lile moja tulilokuwa tunalingoja ndo likapotea.

Aliyefuata ni bibi mmoja wa kama miaka 70, kajifunga khanga, mkononi ana kifuko cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vikakaushwa. Akasimama akasema, "Naitwa Siwema." Akakaa. Walisikia mpaka waliokuwa wanapika nyuma ya nyumba. Kikao kilipokwisha nikamfuata nikampa shikamoo yake, nikamuuliza habari ya jina. Akanitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa kitu kilicho wazi. "Mama alipokuwa na mimba yangu mawifi zake walimsema sana, hata maji ya kunywa walimnyima. Nilipozaliwa akawajibu. Si wema." Akanimegea kipande cha matobolwa, akaondoka zake.

Watu wawili hao nimewafikiria sana. Majina yao yote mawili ni mazito, hilo la bibi pengine zito zaidi maana lina watu ndani yake. Lakini mmoja kalizungushia uzio wa maneno mpaka halionekani na mwingine kalisimamisha juani. Na uzio wenyewe ni hii "kwa majina". Ndo maana naichukia.

Tuichambue basi. Hiyo "kwa" kazi yake hapo ni kuonyesha njia au chombo, nimekuja kwa treni, nimekata kwa panga. Ukisema natembea kwa miguu umesema kitu, maana ungeweza kwenda kwa baiskeli au kwa bodaboda. Sasa wewe ungeitwa kwa nini kama si kwa jina? Kwa mluzi? Kuitwa tayari kuna jina ndani yake, ukiongeza "kwa majina" ni kama mtu anasimama mbele za watu anasema kwa mdomo nakula, kwa masikio nasikia. Na swali lenyewe ambalo mnalijibu ni "unaitwa nani?" Hakuna mtu yeyote, si Tabora si Kigoma si Unguja, aliyewahi kuuliza "kwa majina unaitwa nani?" Aliyeuliza kaona neno moja linatosha, wewe unayejibu unaongeza la nini?

Na liangalieni hilo swali vizuri. Mswahili anauliza "unaitwa nani", "jina lako nani", hasemi "unaitwa nini". Kiulizi cha mtu anakipeleka kwenye jina, kwa sababu kwake jina ni mtu mwenyewe kasimama hapo. Ukilijua hilo hata la karani linajieleza, haiwezekani niulize nani halafu unijibu "imefika".

Kuna wanaojitetea, eti mwalimu mimi nina majina matatu, la kwangu, la baba na la babu, ndo maana nasema majina. Sawa, yataje! Sema naitwa hivi, bin au binti fulani, tumekusikia, tutahesabu wenyewe. Tena mara nyingi mtu anasema "kwa majina" halafu anataja moja tu.

Sijasema "kwa jina" ifutwe kwenye lugha. Namjua kwa jina ila sura yake sijawahi kuiona, hapo iko mahali pake kabisa, kwa sababu kuna namna mbili za kumjua mtu na umetaja moja. Wanamwita kwa jina la utani, sawa pia, maana lipo la utani na lipo la nyumbani. Kwa jina la Mungu, sina neno. Na ripoti za polisi na taarifa za habari zina haki ya kusema mtu mmoja aliyefahamika kwa jina la fulani, kwa sababu hapo kulikuwa na mtu asiyejulikana ikabidi atambuliwe. Mimi naamini huko huko ndiko watu walikoiokota wakaona ina ukubwa, ina suti. Lakini wewe hujaokotwa mtoni mpaka ufahamike kwa jina, umekaa hapa na sisi unakunywa soda.

"Jina langu naitwa" nalo. Hapa mtu kaanza na jina kama ndo mwenye sentensi, kufika katikati kalitupa kajiingiza yeye. Anayeitwa ni nani sasa, wewe au jina lako? Zipo sentensi mbili nzima, jina langu ni Shida, na naitwa Shida, chukua moja uiache nyingine ipumzike.

Watoto wa shule ya msingi nawasamehe, wanasimamishwa mbele ya wageni wanasema walichokaririshwa, mikono nyuma, "kwa majina naitwa", wanaimba tu. Kwenye harusi nimeshachoka kupambana, acha wajitambulishe mpaka magharibi. Kwenye barua ya kuomba kazi na kwenye redio sisamehi, huko watu wanajifunza kwenu.

Nirudi kwa binti yangu wa Urambo. Unaniuliza kama wazazi walikosea. Shida asili yake ni Kiarabu, shidda, ugumu, hali ya kubanwa. Taabu nayo ya huko huko. Mashaka wengi wanadhani ni wingi wa shaka, kumbe jina la mtu Mashaka ni lile la mashaqqa, tabu na mateso. Masumbuko ni la kwetu, limetoka kwenye kusumbuka. Ni maneno ya Kiswahili safi yote, na kumpa mtoto jina la siku yake ya kuzaliwa ilivyokuwa ni desturi yetu toka zamani. Ungezaliwa wa kiume kwenye ile mvua Wanyamwezi wangekuita Mabula, na hakuna ambaye angecheka. Aliyezaliwa wakati wa njaa yuko anaitwa Nzala. Mapacha ni Kulwa na Doto na anayewafuata ni Shija. Nenda Kasulu au Kibondo mapacha wa Waha utawakuta ni Bukuru na Butoyi, na ukikutana na mzee anaitwa Minani hujaambiwa kitu unajua ni mtoto wa nane. Mzazi hakuwa na daftari, aliandika kwenye mtoto. Tena wapo waliozika wa kwanza, wakazika wa pili, wa tatu wakampa jina la kudharaulika makusudi ili kifo kikipita kisione cha maana cha kuchukua. Jina kama hilo ukilicheka unacheka makaburi mawili.

Na wewe wa Urambo ndo usingepaswa kuniuliza kabisa. Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, aliyefariki 1884, jina lake la mwanzo lilikuwa Mbula, mvua hiyo hiyo iliyokunyeshea wewe kwenye baiskeli. Mirambo ni jina la vita, kwa Kinyamwezi maana yake ni maiti, na Urambo yenu imepata jina kutoka kwake. Wilaya nzima inatembea na jina la maiti, watu wanalima, wanauza tumbaku, wanaoana humo, na kwenye fomu wanaliandika bila kusita. Halafu wewe uone aibu kwa Shida?

Mama yako alikuwa juu ya keria, usiku, barabara ya utelezi, akakuzaa ukalia. Hilo ndo limeandikwa hapo. Kama bado hulitaki sikulazimishi, sheria inaruhusu, unakwenda kwa wakili mnaandika hati ya kubadili jina, unaanza upya na karatasi zako zote. Lakini usiniletee Shidah. Hiyo h haisikiki, neno la Kiswahili linaishia na irabu, karani atakucheka vile vile maana yeye anatumia masikio. Itakachofanya ni kuharibu mambo yako tu, kitambulisho cha taifa kinasema Shida, akaunti ya benki inasema Shidah, siku ya malipo ya tumbaku unaambiwa majina hayalingani nenda ukarekebishe. Nimewaona wanawake wamekaa kwenye benchi kutwa nzima kwa ajili ya h.

La simu ndo nimeliacha mwisho maana nilitaka kwanza tumalizane na yale maneno manne. Mtu anakuuliza nani mwenzangu, wewe unajibu neno moja, "Shida". Hapo usimlaumu sana, kwenye simu herufi kubwa haionekani, amesikia shida ameuliza shida gani, angeuliza yeyote. Kesho akikuuliza sema "naitwa Shida", basi. Jaribu uone kama kuna mtu anaweza kukujibu "shida gani" baada ya kusikia naitwa. Hawezi, ile naitwa imeshamwambia kinachokuja ni mtu, haihitaji kusindikizwa na majina wala kamili wala fahamika. Na ukija kuniandikia tena kunipa habari za karani, anzia hapo hapo, shikamoo mwalimu, naitwa Shida.