Maswali ya mafundi: vakyumu ya karakana isiyotia uziwi wala kumaliza mfuko

Barua nyingi safari hii zinataka kitu kimoja: mashine ya kuvuta vumbi la mbao, ya bei ya kawaida, isiyopiga kelele. Nimezifupisha na majina nimeyaacha. Waliouliza jambo moja nimewajibu pamoja.

Nachonga milango na masanduku Kiponda, Mji Mkongwe. Nimepakana na chuo cha Qurani. Vakyumu niliyoazima ilinguruma mpaka maalim akatoka nje kutazama kuna nini. Ninunue ipi isiyotugombanisha?

Kwanza fundi, wakati unachonga unaihitaji ya nini? Tindo na nyundo hutoa vipande, na vipande huanguka chini, havielei hewani. Ufagio na karai vinatosha. Vumbi lako linatoka kwenye mashine ya msasa na kwenye ruta, ile mashine ya kuchimba mifereji na kupamba kingo za mbao, kwa hivyo saa za kuiwasha vakyumu ni chache kuliko unavyodhani. Kazi ya msasa iweke baada ya watoto kutoka chuoni, na mwambie maalim mapema. Hilo halikugharimu hata shilingi.

Sasa mashine yenyewe. Kelele hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ina mtego. Kila zikiongezeka desibeli 10, sikio la mtu husikia kama kelele imekuwa maradufu. Mashine ya 70 na ya 80, basi, zina tofauti kubwa sana. Vakyumu nyingi za karakana za bei ya chini ziko baina ya 75 na 85. Zile zilizoundwa kwa makusudi ziwe tulivu hushuka kwenye 70 au chini yake kidogo, na bei ndiyo hupanda.

Ukikuta namba kwenye boksi, tazama na herufi zilizo mbele yake. LpA ni kelele inayofika pale kipimo kilipowekwa. LwA ni kelele yote inayotoka kwenye mashine, na namba yake huwa kubwa zaidi. Ukilinganisha na kipimo cha umbali wa mita moja, tofauti ni kama desibeli 8 mpaka 11. Mashine mbili zinaweza kuwa sawasawa, moja ikaonekana tulivu kwa sababu tu imeandikwa LpA. Linganisha herufi kwa herufi. Boksi lisilo na namba yoyote, mimi huhesabu kwamba lina kelele.

Hata hivyo sikio lako ndilo kipimo. Muuzaji wa Darajani au Mlandege anayekataa kuiwasha mashine mbele yako, mwachie mwenyewe. Ikiwaka, sikiliza kama ni mvumo mzito au mluzi. Mluzi unaudhi zaidi, lakini ndio rahisi kuuzuia kwa sanduku. Mvumo mzito ni mkaidi.

Na sanduku, wewe ni seremala, utalishindwa? Chukua plaiwudi nene au MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18, ndani pandika sponji ya godoro, chini weka kipande cha mpira ili mtetemo usishuke sakafuni. Muhimu ni njia ya hewa. Hewa ya mota lazima itoke, tena kwa upana, ila ipite kwenye njia yenye kona mbili tatu zilizopandikwa sponji, sauti ifie humo. Ukiliziba sanduku lote, mota itapata moto na utanunua nyengine. Ukuta wako wa mawe na chokaa ni mnene, unazuia vizuri. Kelele inampata maalim kwa dirishani na mlangoni. Liweke sanduku mbali na dirisha la upande wa chuo.

Jambo la mwisho kwako. Ruta huvuka desibeli 90 bila taabu. Ikiwaka, hakuna atakayeisikia vakyumu, hata iwe ya bei gani. Utulivu wa vakyumu una faida kwenye msasa na kwenye kusafisha, basi. Usilipe mara tatu kwa kitu ambacho ruta yako itakifunika. Na masikio yako yavishe: kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikizidi 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 94 una saa moja tu.

Dukani nimeona mbili. Moja imeandikwa wati 2400, nyengine 1200, bei zinakaribiana. Si bora nichukue ya 2400? (Mwanakwerekwe)

La. Wati ni umeme inaokula, si vumbi inalovuta. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu vakyumu za kawaida za nyumbani kuzidi wati 900, na mazulia ya huko bado yanasafishika. Ya 2400 itakula yuniti mbili na nusu hivi za umeme wa TUKUZA kwa kila saa, ya 1200 nusu yake, na kelele mara nyingi hufuata wati.

Namba za kutafuta ni mbili: hewa inayopita (lita kwa sekunde) na nguvu ya kufyonza (kilopaskali, au milibari, kilopaskali 1 ni milibari 10). Kwa vakyumu ya kuunganishwa na mashine za mkononi kama ya msasa, lita 50 hadi 70 kwa sekunde na kilopaskali 20 na kitu ni mashine ya heshima. Jua tu kwamba vipimo hivyo vya kwenye boksi ni vya juu kabisa, na mpira wa kuvutia hewa ukiwa mrefu au mwembamba unavishusha vyote viwili.

Ukikutana na boksi la Kimarekani lililoandikwa "6.5 HP", cheka kidogo. Plagi ya kule, volti 120 kwa ampia 12, inatoa wati 1440, ambazo hazifiki hata nguvu farasi 2. Hiyo 6.5 ni ya karatasini.

Na kama inayokuvutia ina soketi ya kuchomekea msumeno ili ziwake pamoja, piga hesabu. Plagi yetu ya pini tatu ni ya ampia 13, yaani kwa volti 230 ni kama wati 2990. Mashine ya msasa ya wati 300 pamoja na vakyumu ya 1200, hakuna neno. Msumeno wa wati 2000 pamoja na vakyumu ya 1400, umeshavuka kiwango cha plagi.

Niko Wete. Vakyumu yangu huvuta vizuri robo saa ya mwanzo, halafu inachoka. Nikitoa filta imejaa unga. Tena nikiipigapiga nje, jirani ananijia juu kwa kuwa ameanika karafuu. Nifanyeje?

Jirani ana haki. Karafuu zinapangwa madaraja kabla ya kununuliwa, na unga wa mbao juu ya mkeka ni hasara yake. Dawa yako inatibu yote mawili: zuia vumbi lisifike kwenye filta.

Weka pipa baina ya mashine ya msasa na vakyumu. Hewa yenye vumbi inaingia kwa ubavuni, ikielekezwa ukutani ili izunguke ndani ya pipa. Vumbi ni zito kuliko hewa, linasukumwa pembeni na kuanguka chini. Hewa inatokea katikati ya mfuniko kwenda kwenye vakyumu, imebaki na unga mwembamba tu. Maseremala wengi duniani wanaongeza kitu kilichoenezwa na Mmarekani Phil Thien: sahani ya ubao chini ya mfuniko, yenye mwanya pembezoni unaozunguka kiasi cha thuluthi mbili ya duara, upana karibu milimita 28. Vumbi linashuka kwenye mwanya na halipandi tena. Sehemu isiyo na mwanya huwekwa pale hewa inapoingilia.

Ndoo ya rangi ya lita 20 inafaa kwa kuanzia, lakini tahadhari: mpira ukiziba, nguvu ya kufyonza huibonyeza ndoo ikakunjika. Pipa gumu la plastiki, lile la buluu lenye mfuniko wa kubana, ni bora mara nyingi. Mfuniko uzibe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na matundu ya paipu kwa silikoni. Pakivuja hewa hata padogo, vumbi litapanda badala ya kushuka. Mwaga pipa kabla halijafika thuluthi mbili.

Pipa hili ndilo ningelinunua au kuliunda kabla ya kitu chengine chochote. Vakyumu ya kawaida yenye pipa mbele yake inaishinda vakyumu ya fahari isiyokuwa nalo, maana filta safi ndiyo nguvu yenyewe.

Kuhusu kusafisha filta, isipigwe na chuma, mikunjo inapasuka. Itikise ndani ya mfuko mkubwa, mfuko ufungwe, karafuu zisalimike. Zile zinazoruhusu kuoshwa, osha, lakini msimu wa masika subiri siku mbili tatu zikauke kweli. Filta yenye unyevu ikikutana na unga inakuwa uji, na baadaye ukungu.

Nimepata vakyumu ya Kiingereza iliyotumika, nzima, bei ya kutupa. Plagi yake ni ya njano, ya duara. Fundi umeme aliyeko Fuoni anasema akate tu aweke plagi yetu.

Asikate! Njano kule Uingereza ni alama ya volti 110, umeme wa maeneo ya ujenzi unaopita kwenye transfoma kwa ajili ya usalama. Ukiitia kwenye 230 itanguruma dakika chache kama simba halafu moshi. Transfoma ya kuibeba ni nzito na ghali, na bei ya kutupa inaishia hapo. Vivyo hivyo mizigo ya Japani, ambako ni volti 100. Vinavyotoka Dubai kwa kawaida havina tabu, kwa sababu kule ni volti 230, hezi 50, na plagi ya pini tatu kama yetu. Daima soma kibati, usisome sura ya plagi.

Ukinunua iliyotumika, omba pia kuziona kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Zikiwa fupi sana zitatoa cheche na makelele, ingawa kuzibadilisha si gharama kubwa.

Mume wangu ni seremala, Jang'ombe. Kanunua vakyumu, lakini mwenyewe anasema ikiwaka vumbi linanuka zaidi. Mtoto wetu ana pumu na baba anarudi na nguo zimejaa unga. Inawezekana mashine ikazidisha?

Inawezekana sana, Bi. Vakyumu yenye filta ya sponji au kitambaa chepesi hushika maranda na unga mkubwa, kisha ule mwembamba kabisa inautema kwa nyuma na kuusambaza chumba kizima. Usiku mwambie azime taa, awashe tochi nyuma ya mashine ikiwa inafanya kazi. Vumbi likionekana kwenye mwanga, filta hiyo ni ya bure.

Anachotaka ni filta ya HEPA, yaani ile ya kushika unga mwembamba kabisa, au mashine ya daraja M, ambalo kwa viwango vya Ulaya hushika angalau asilimia 99.9 ya vumbi la majaribio. HEPA kwa kipimo cha Kimarekani hushika asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Neno "HEPA" peke yake kwenye boksi, bila namba, halina uzito. Mashine nyingi za bei nafuu zinakubali filta bora ya kununua kando, na hapo ndipo pesa ya ziada inapostahili kwenda, kabla ya kufikiria utulivu.

Sisemi haya kwa kutisha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lililiweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Vumbi la mvule na la mninga linajulikana kwa kuamsha pumu, na la msaji kwa kuwasha ngozi. MDF ina gundi ya fomaldehaidi juu ya vumbi lake jembamba.

Nguo za kazi abadilishe huko huko karakana, zisikumbatiwe na mtoto. Asijipulize kwa kompresa, maana hapo analirudisha hewani lote alilolishika mchana kutwa. Barakoa iwe N95 au FFP2, ya kitambaa haizuii unga huu. Na mtoto asipelekwe karakana hata siku moja ya kumpelekea baba chakula.

Sisi tunaunda vyombo vya baharini Nungwi, ufukweni. Tununue ya aina gani?

Msinunue. Upepo wa kusi na kaskazi unafanya kazi hiyo bure. Simameni upande unaotoka upepo, vaeni barakoa wakati wa msasa, na pesa wekeni kwenye mbao.

Mashine ya kuranda inaziba mpira wa vakyumu kila dakika. (Chake Chake)

Itaziba daima. Mpira wa milimita 35 haukuumbwa kwa maranda. Randa ya mezani inataka feni kubwa na paipu ya milimita 100, hewa nyingi yenye nguvu ndogo, kinyume cha vakyumu. Kama huna, acha maranda yaanguke, yakusanye kwa koleo, wafugaji wa kuku watayachukua.

Karakana yetu ni ya mbao na ya chuma pamoja. Vakyumu moja inatosha? (Amani)

Inatosha kwa mbao tu. Cheche ya grainda ikivutwa ndani ya pipa lenye unga wa mbao hukaa inafuka kimya kimya, na moto unaweza kuwaka saa kadhaa baadaye, mmeshafunga mlango na kwenda nyumbani. Chuma kifagiliwe kwa ufagio wake. Pipa la mbao limwagwe nje kila jioni, hata likiwa na kidogo.