Kapona Ebola na mimba bado ipo: ajifungulie wapi?

Dada, umeuliza kuhusu wifi yako: kapona Ebola, damu imepimwa haina virusi, mimba ya miezi saba na mtoto anacheza. Familia inataka ajifungulie zahanati ya jirani kwa kuwa keshapona. Mimi ni mkunga, nimezalisha ndani ya kituo cha matibabu ya Ebola. Nakuomba sana, asijifungulie zahanati wala nyumbani. Arudi kituoni.

Kupona kwake ni kweli. Kaeni naye, kuleni naye, na kliniki ahudhurie, msimtenge. Shida ni kwamba damu ya mama inaweza kusafika huku virusi vimebaki kwenye kondo la nyuma, kwenye maji ya uzazi na kwa mtoto mwenyewe. Chupa ikipasuka, au mimba ikitoka, yeyote atakayegusa yale maji mikono mitupu yuko hatarini. Zahanati wanaweza kumfukuza kwa hofu, au wakampokea na glavu za kawaida tu. Yote mawili ni mabaya.

Kituoni tunaingia wawili, mavazi ya kinga mwili mzima, glavu juu ya glavu, aproni ndefu. Hatumwongezi njia kwa kumkata wala hatupasui chupa bila sababu kubwa. Mkasi haupitishwi mkono kwa mkono. Unawekwa kwenye trei, mwenzako anauokota. Mtoto akitoka, mama anachomwa oksitosini asivuje damu, na kondo linaingia moja kwa moja kwenye ndoo ya klorini ya asilimia 0.5. Joto ndani ya mavazi yale ni kali, kwa hiyo zamu ya kubadilishana huwa tayari nje.

Kuna mwingine aliyekujibu kwamba mtoto atolewe mapema ili mama apone; nadhani amechanganya na homa ya Lassa, ugonjwa mwingine wa virusi. Huko, utafiti wa Sierra Leone miaka ya 1980 ulionyesha mama hupata nafuu tumbo la uzazi likishakuwa tupu. Kwa Ebola hatuna ushahidi huo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 unakataza kumwanzishia uchungu au kumpasua mgonjwa wa Ebola kwa ajili ya kumwokoa mtoto. Kisu kinamwongezea mama damu kuvuja, na mtoto kwa kawaida haokoki.

Kuhusu mtoto sitakudanganya. Kwenye mlipuko wa Ebola wa Yambuku, Kongo, mwaka 1976, kati ya wajawazito 82 walifariki 73, na vichanga waliozaliwa hai hawakuishi. Wifi yako kuvuka ni jambo kubwa sana. Lakini Guinea mwaka 2015 alizaliwa mtoto aitwaye Nubia akiwa na Ebola, mama yake akafariki, yeye akatibiwa akapona. Leo kwa Ebola aina ya Zaire zipo dawa za kingamwili, mAb114 na REGN-EB3, na WHO inazipendekeza hata kwa kichanga wa siku chache ambaye mama yake ana Ebola. Dawa hizo hazipatikani zahanati. Hata kunyonyesha kusubiri maziwa yapimwe, majibu mawili mfululizo yawe safi.

Wiki hii mpeleke kituoni akiwa na cheti chake cha kupona, wamwandikishe. Chukueni namba ya gari la wagonjwa, na ajue kwamba maji yakimwagika, damu ikitoka au mtoto akiacha kucheza, anapiga simu palepale hata kama uchungu haujaanza.