Sukari ikipanda, usinunue kwa hofu

Mwaka ule sukari ilipoadimika, nilikopa vikoba nikanunua mifuko 8 ya kilo 50. Nauza juisi ya ukwaju na ubuyu karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, na kila aliyesimama kibandani kwangu alikuwa anasema itapanda tena. Haikupanda. Mwezi wa pili bei ilianguka, mimi bado nina mifuko 5 chumbani. Wa chini kabisa ulikula unyevu wa sakafu, sukari ikashikana kama jiwe. Kila alfajiri naivunja kwa mchi huku nawaza marejesho ya Jumamosi.

Baadaye nikasoma habari za Caleb Bradham, nikahisi nasoma habari zangu. Alikuwa mfamasia wa New Bern, North Carolina. Mwaka 1893 alianza kuuza kinywaji alichokichanganya mwenyewe dukani, na mwaka 1898 akakiita Pepsi-Cola. Coca-Cola ilikuwa imemtangulia. John Pemberton aliianzisha Atlanta mwaka 1886. Bradham alikwenda vizuri tu, hadi sukari ilipopaa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1920 ilipita senti 20 kwa ratili. Akaogopa, akajaza ghala. Mwaka haujaisha, bei ikaporomoka chini ya senti 5. Mwaka 1923 kampuni ilifilisika, naye akarudi kwenye duka lake la dawa.

Ndugu yangu mwenye kibanda, sukari ikipanda imewapandia wote. Mtapandisha bei pamoja au mtavumilia pamoja. Lakini ukijaza stoo kwa bei ya juu halafu ikashuka, umebaki peke yako na sukari ghali, na jirani yako kesho anauza kwa hesabu mpya. Mimi sasa nanunua mfuko mmoja, ukifika robo ndipo nanunua mwingine. Hata wakisema nini.

Pepsi yenyewe haikufia hapo. Mwaka 1931 iliangukia mikononi mwa Charles Guth, mkuu wa Loft, kampuni ya New York iliyokuwa na maduka ya pipi. Ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu, Wamarekani hawana hela. Coca-Cola iliuza chupa ya aunsi 6.5, kama mililita 190 hivi, kwa senti 5. Guth alitoa chupa ya aunsi 12 kwa senti 10, haikutoka. Akaishusha hadi senti 5. Mtu mwenye senti 5 akawa anapata karibu mara mbili, na hapo Pepsi ikasimama. Coca-Cola ilikuwa na chupa zake ndogo nchi nzima. Ilifika mwaka 1955 ndipo ikatoa kubwa.

Siri ni kwamba katika soda, kilichomo ndani si gharama kubwa. Gharama ni chupa, usafiri na mikono ya watu. Nilichukua daftari nikapiga hesabu ya kwangu. Nilikuwa nauza mililita 300 kwa shilingi 500. Kibanda, mkaa, barafu na kijana wa kunisaidia, vyote vinabaki palepale nikiuza mililita 500 kwa bei ileile. Chupa kubwa inazidi ndogo kwa fedha kidogo sana, na sukari na ukwaju wa kuongezea havikufika shilingi 100. Faida ya chupa moja ilipungua, lakini ndoo niliyokuwa nalala nayo ikawa inaisha saa tisa alasiri.

Usiige bila kupiga hesabu yako. Kwa juisi ya parachichi usithubutu, maana tunda lenyewe ndilo linalokula hela, na kila mililita unayoongeza unaitoa mfukoni mwako. Ukwaju na ubuyu vinakubali.

Makondakta wa mabasi ya Dodoma siku hizi hawaniulizi bei. Gari likipunguza mwendo, mkono unatoka dirishani na sarafu ya 500, nami nimeshashika chupa.