Iachie seva iseme nani yumo kwenye mfumo

Mifumo mingi ya mauzo ninayoombwa kuikagua ina safu iitwayo "ameingia" kwenye jedwali la watumiaji. Keshia akiingia inaandikwa 1, akitoka 0. Sasa umeme ukatike katikati ya mauzo: kompyuta inazimika na ile 1 inabaki palepale. Umeme ukirudi keshia anaambiwa tayari yumo ndani, foleni imefika mlangoni, na fundi anapigiwa simu aje kufuta kwa mkono.

Futa safu hiyo. Tengeneza jedwali la vipindi (kila kuingia ni kipindi kimoja) lenye namba ya mtumiaji, tokeni (alama ya siri ya kipindi hicho), saa aliyoingia na saa aliyoonekana mwisho. Programu ibishe hodi kwenye seva kila dakika, na asiyeonekana kwa dakika tano hesabu katoka. Muda uuchukue kwa NOW() ya MySQL, yaani saa ya seva yenye kanzidata (hifadhi ya data), kamwe usiutoe kwenye kompyuta ya keshia. Hizi kompyuta za mtumba, betri ya bodi ikishakufa, kila ukiwasha saa imerudi miaka nyuma.

Halafu kuna hili ambalo vijana wengi hawapendi kulisikia. Programu ikishasakinishwa dukani, iko mikononi mwa mtumiaji. Iliyoandikwa kwa C# inafunguliwa na ILSpy, programu ya kufumua programu nyingine, tena bure, na msimbo wake unasomeka karibu kama ulivyouandika. Nywila ya kanzidata uliyoiweka App.config, faili la mipangilio, haihitaji hata hilo; Notepad inatosha. Na mara nyingi ni ya root, akaunti yenye haki zote! Keshia mjanja akiipata hana shida na dirisha lako la kuingilia. Anafungua HeidiSQL, programu ya kuhariri kanzidata moja kwa moja, anajipa umeneja, anafuta risiti anazotaka.

Kwa hiyo weka API katikati, yaani programu ya kwenye seva inayopokea maombi na kuzungumza na kanzidata, hata ya PHP ya kawaida, nayo peke yake ndiyo iijue nywila ya kanzidata. Programu inatuma jina na nywila ya mtumiaji kwa HTTPS, inarudishiwa tokeni, na kila ombi linalofuata, liwe la kuuza au la kufuta risiti, linakuja na tokeni hiyo na kukaguliwa upya. Kama mwenye duka hana bajeti ya API, basi angalau akaunti ya MySQL iwe na haki finyu, si root. Ulinzi wake ni mdogo, nakubali.

Nywila zivurugwe zisisomeke tena kabla ya kuhifadhiwa, kwa bcrypt, ambayo ipo tangu 1999 na bado inafaa, au Argon2id. MD5 hapana. Tokeni iwe baiti 32 za nasibu kutoka kwenye jenereta salama ya mfumo, na kwenye jedwali uweke SHA-256 yake tu (alama inayokokotolewa kutoka kwayo, isiyoweza kurudishwa kuwa tokeni), ili anayeiba nakala ya kanzidata asiweze kuzitumia. Hoja za SQL (maagizo kwa kanzidata) ziwe na vigezo, yaani anachoandika mtumiaji kipelekwe kando, kisiunganishwe kwenye agizo lenyewe. Hilo sidhani kama bado lina mjadala.

Mwisho, mpe meneja kitufe cha "Mtoe". Kinafuta mstari wa kipindi na kuifunga akaunti. Mtu akiachishwa kazi saa nne asubuhi, risiti yake inayofuata inakataliwa, hata kama dirisha bado liko wazi mbele yake.